Kabla Hujalipia Gari au Kompyuta Iliyotumika: Karatasi Zake na Gharama za Kila Mwezi

Masoko ya tumbaku yakishafunguliwa na malipo yakaanza kuingia benki, steshenari yangu hapa Tabora mjini hujaa watu wanaotaka kuchapiwa mkataba wa mauziano ya gari. Wanatoka Urambo, Kaliua, Sikonge, wengine Uyui hapa jirani. Kazi hii naifanya mwaka hadi mwaka, na mimi mwenyewe nina Toyota IST ya mwaka 2004 inayobeba karatasi za duka na watoto wa shule, pamoja na kompyuta za mtumba ambazo ndizo zinazolisha nyumba yangu.

Kinachoniuma ni kumwona mtu ameshapatana bei, dalali ameshapata chake, na hakuna aliyeuliza kama gari lenyewe kwa sasa ni la nani, wala litakula kiasi gani kwa mwezi. Pesa ya tumbaku huingia mara moja kwa mwaka. Gari linadai kila wiki. Nimeandika maelezo haya kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya kijana anayetafuta kompyuta ya kuanzia kazi, kwa sababu kitu kikishapita mikononi mwa watu maswali yake ni hayo hayo.

Kadi kwanza

Wengi huanza kwa kuwasha injini. Anza kwa kuomba kadi ya gari, tena kadi halisi, si kopi na si picha ya WhatsApp. Ukiambiwa kadi iko Dar, iko kwa kaka, iko kwa wakili, usitoe hata kishika uchumba. Sababu ya kawaida ya kadi kutokuwepo ni kwamba mwenye gari ameiweka dhamana ya mkopo. Wakopeshaji wadogo wengi hushika kadi, mkopaji anabaki na gari na kopi. Ukinunua gari la namna hiyo umenunua na deni, na mwenye deni akija kulichukua atakuja na karatasi wakati wewe una maneno tu.

Kuna kadi nyingine imeandikwa kwamba imetolewa badala ya iliyopotea. Si kosa, kadi hupotea kweli. Lakini ukiiona, mwombe muuzaji mwende pamoja ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, mkaulize habari za gari hilo kabla ya malipo. Muuzaji mkweli hatakataa, maana hata yeye atatakiwa kufika huko wakati wa kuhamisha umiliki.

Kadi ikishakuwa mkononi, fungua boneti. Tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, na kibati cha kiwandani chenye namba hiyo hiyo. Mwenzako akusomee ya kwenye kadi kwa sauti, tarakimu moja moja, na wewe ufuatishe kwa kidole kwenye chuma. Ukipaka chaki juu ya namba iliyogongwa kisha ukafuta polepole kwa kitambaa, tarakimu zinabaki nyeupe na zinasomeka vizuri hata gari likiwa chakavu. Tazama kama pana alama ya kusagwa, ya kulehemu, au rangi iliyopigwa pale tu na si kwingine. Kwa IST, namba ikianza na NCP60 injini yake ni 2NZ, ile ya cc 1,300. Ikianza na NCP61 ni 1NZ ya cc 1,500. Kadi ikisema ya kwanza na chini ya boneti ukakuta ya pili, ujue injini imebadilishwa. Kubadilisha injini si dhambi, ila mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yameandikishwa, vinginevyo utayabeba wewe.

Halafu jina. Hapa ndipo mikataba mingi inapokwama mezani kwangu. Alikuja kijana mmoja na mzee, wamepatana Noah.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Tunaomba mkataba, huyu kijana ananunua gari langu."

Nikaichukua kadi. "Baba, jina hili la kwenye kadi ni lako?"

"Hapana, mimi nilinunua kwa shemeji yangu wa Kahama. Kadi hatukubadilisha."

"Kwa hiyo hili ni jina la shemeji?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Hilo ni la mtu wa Dar aliyemuuzia shemeji."

Gari limepita kwa watu wawili bila kadi kuhama hata mara moja. Nikamwambia, baba, kwa heshima yako, siwezi kukuandika kama mwenye gari, maana kwenye karatasi za serikali jina lako halimo. Mnatakiwa mumpate yule wa Dar. Bahati nzuri shemeji alikuwa bado ana mkataba wake wa zamani na namba ya simu ya yule bwana, wakampata, umiliki ukahamishwa, na kijana akanunua baadaye kwa amani. Laiti yule wa Dar angekuwa amefariki, wangeanza safari ya mirathi: kupata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na yeye ndiye angesaini. Msimamizi, si mtoto mkubwa wala mjane kwa sababu tu funguo ziko kwake. Usikubali kununua gari la marehemu kwa ahadi kwamba ndugu wote wameridhia. Leo wameridhia, kesho mmoja anarudi kutoka Mwanza hajaridhia.

Muuzaji akiwa na mwenza, namweka mwenza huyo asaini kama shahidi. Magari mengi hununuliwa kwa jasho la watu wawili ingawa kadi ina jina moja.

Kabla ya kuandika chochote, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi mtandaoni. Unaonyesha madeni ya barabarani. Faini moja ya gari ni shilingi 30,000, na gari lililokuwa likibeba abiria linaweza kuwa na rundo lake. Faini hizo zinakaa kwenye namba ya gari. Trafiki wa Nzega akikusimamisha atadai kwako uliyekaa kwenye usukani.

Mkataba wenyewe

Mkataba mzuri hauhitaji Kiswahili kigumu. Majina matatu ya kila upande kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya gari, ya chasisi na ya injini, rangi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na namna ya kulipa. Kama ni kwa awamu, tarehe za awamu ziandikwe, na iandikwe kadi itashikwa na nani mpaka awamu ya mwisho. Nani atalipia gharama za uhamisho? Liandikwe hilo, kwa sababu kila mmoja huwa anadhani ni mwenzake.

Na mimi huongeza kitu ambacho watu wengi hawana mazoea nacho: saa ya makabidhiano. Tarehe peke yake haitoshi. Gari likikabidhiwa saa 8 mchana na faini ikaandikwa saa 5 asubuhi ya siku hiyo hiyo, saa ndiyo itakayowaamua. Likigonga mtu jioni, vilevile. Naandika saa, naandika na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha mstari mmoja kwamba madeni yote kabla ya saa hiyo ni ya muuzaji.

Wakili agonge muhuri, kisha mwende TRA mkiwa na kadi halisi, mkataba, namba za mlipakodi za wote wawili, vitambulisho na picha ndogo. Kuna ada ya uhamisho, ushuru wa stempu na malipo ya kadi mpya. Waulizeni viwango vya siku hiyo na mlipie kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi kwa mtu. Naomba sana jambo hili lifanyike ndani ya juma lile lile. Wanaosema "nitabadilisha nikipata nafasi" ndio hao wanaokuja miaka mitatu baadaye wanamtafuta mtu wa Dar.

Litakula ngapi

Ninalo daftari la gari. Kila shilingi inayoingia kwenye IST naiandika, hata ya pancha. Bila daftari mtu hukumbuka mafuta tu na kusahau mengine yote, na mengine ndiyo mengi.

Tuanze na yaliyo rahisi. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlipa mtu mwingine utakayemdhuru, ni shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 na VAT yake. Ni lazima kisheria. Haitengenezi gari lako hata taa. Bima kubwa hupigwa kwa thamani: kwa gari binafsi asilimia 3.5 na VAT juu yake, kwa hiyo gari la milioni 10 ni kama shilingi 413,000. Stika za siku hizi ni za kielektroniki, unaweza kuhakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujaamini karatasi iliyobandikwa kiooni. Na ukishahamisha umiliki, bima nayo iwe kwa jina lako. Usije ukaenda kudai fidia kwa jina la mtu mwingine. Ukitaka gari lipakie abiria, kuna bima ya biashara na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Bado nakutana na madalali wanaomtajia mnunuzi "rodi laisensi ya mwaka" kama gharama. Ada ile ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Usimpe mtu pesa hiyo.

Mafuta: EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa bara tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya usafirishaji. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue lita shilingi 3,000. Kwenda Urambo na kurudi ni kilomita 180 hivi. IST inayotunzwa ikienda kilomita 12 kwa lita, hiyo ni lita 15, sawa na 45,000. Mkulima anayekwenda shamba kila Jumamosi ameshafika 180,000 kwa mwezi kabla hajagusa oili. Akinunua Noah au Harrier kwa sababu ya kimo chake, aiongeze hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kulipa, akiwa nyumbani na kalamu, siyo akiwa sheli.

Kisha yale yanayokuja kwa kuvizia. Oili na filta kila kilomita 5,000. Plagi. Pedi za breki. Bushi na boljointi, ambazo barabara za vumbi za kuingia vijijini huzimaliza mapema. Filta ya hewa, ambayo kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba huijaza vumbi jekundu. Igongegonge na kuipuliza mara kwa mara, na uibadilishe kabla injini haijaanza kukosa pumzi. Betri. Tairi.

Kuhusu tairi nisimame kidogo, kwa sababu hapa watu huibiwa wakitazama. Ubavuni mwa kila tairi kuna herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne ndani ya duara dogo lililorefuka. Ikiandikwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Gari linaweza kuwa na kashata nzuri na nyeusi tii, kumbe mpira una miaka kumi na umekauka. Ukikunja kidole chako ukabonyeza ubavuni utaona mipasuko midogo kama nyuzi. Tairi ya hivyo kwenye lami ya Nzega, mchana, gari limejaa, inapasuka. Soma zote nne na ile ya akiba. Zikiwa zimezeeka, bei ya tairi nne itoke kwenye bei ya gari palepale.

Jambo la injini nitasema moja tu, mengine mwachie fundi wako, na awe fundi wako, siyo aliyeletwa na dalali. Noah za muundo wa AZR60 nyingi zina injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inakwenda vizuri ikitunzwa na kuwekewa mafuta safi, lakini pampu na nozeli zake zikisumbua gharama si za mkulima wa kawaida, na si kila fundi anaijua. Injini za NZ za IST na Probox zina cheni badala ya mkanda wa taimingi, mafundi wote hapa wamezifungua, spea ziko madukani. Mimi kwa mtu wa Tabora naangalia hilo kabla ya uzuri wa gari. Spea isiyopatikana hapa inaagizwa Dar, inakuja na basi; umelipia spea, umelipia basi, na gari limelala gereji siku ulizokuwa ulitumie. Ikifika siyo yenyewe, inarudi. Kabla ya kununua, nenda kwenye maduka mawili ya spea uulize bei za vitu vitatu vya gari hilo: rejeta, shokapu na taa ya mbele. Majibu utakayopata yatakuambia mengi kuliko muuzaji.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Gari la Japani huwa na vibandiko vya gereji za kule, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, vyenye kilomita na tarehe ya kubadilisha oili. Kijapani hukijui, lakini tarakimu unazijua. Kikisema 98,000 na dashibodi inasema 74,000, kuna mtu amerudisha nyuma. Mwaka wao wakati mwingine huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: kwa vibandiko vya enzi ya Heisei ongeza 1988, kwa hiyo 25 ni mwaka 2013. Magari yao hutufikia yakiwa bado na nguvu kwa sababu kule gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Wengi huona afadhali kuuza. Kibandiko cha ukaguzi huo nacho mara nyingine bado kipo kiooni.

Wanaotaka kuagiza wenyewe waanze na kikokotoo cha kodi cha TRA, na wajue uchakavu una ushuru wake: gari la miaka 8 hadi 10 huongezwa asilimia 15, lililozidi 10 asilimia 30. Wengi hupiga bei ya Japani na meli tu.

Sasa ushauri wangu kwa mwenye pesa ya msimu, nao nausema kwa moyo wote. Kama una milioni 8, tafuta gari la milioni 6. Hizo mbili zigawe: uhamisho na bima, tairi kama hazifai, matengenezo ya kwanza, na kinachobaki weka kwenye laini ya simu ya peke yake ambayo hutumii kwa kitu kingine. Kila mwezi ongeza humo kiasi, hata ukiona gari halina tatizo. Gari likiharibika Februari, mahindi bado shambani na tumbaku bado kwenye bani, mfuko huo ndio utakaokuzuia kuliuza kwa bei ya kutupa. Nimechapa mikataba mingi ya Februari. Anayeuza mwezi huo hana sauti.

Na kama gari unalitaka kwa safari chache za mwaka, kupeleka mbolea na kurudi na mazao, kaa upige hesabu ya kukodi. Ukiweka bima, oili, tairi na thamani inayoshuka, mara nyingi kukodi Canter siku nne au tano za mavuno ni nafuu kuliko gari lako mwenyewe linalokaa chini ya mwembe miezi minane.

Kompyuta

Kompyuta mpakato za mtumba tunazouziwa huku nyingi zilikuwa za ofisi za Ulaya na Marekani: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Nazipenda. Ni ngumu, zinafunguka, spea zake zipo. Hazina kadi wala TRA, kwa hiyo risiti ndiyo karatasi yako ya pekee. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba ya kompyuta iandikwe juu yake. Geuza mashine, soma kibandiko cha chini, kisha uhakikishe namba hiyo inalingana na inayoonekana ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hata nusu ukurasa. Kukutwa na mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kompyuta huibiwa sana hostelini na maofisini. Bei ikiwa nusu ya bei ya sokoni na chaja haipo, muulize kwa upole ilikotoka, na jibu lisipokaa sawa ondoka.

Kuna umiliki mwingine ambao hauonekani kwa macho. Kampuni za nje huzifunga mashine zao kwa njia ambazo kupiga Windows upya hakuziondoi. Ya kwanza ni nywila ya BIOS. Washa mashine, ingia BIOS, ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache. Ya pili ni Computrace, ambayo sasa huitwa Absolute, mfumo wa kufuatilia na kufunga mashine kutoka mbali: humo humo BIOS itafute, isiwe imeandikwa kwamba inafanya kazi. Ya tatu ndiyo inayowaliza vijana. Mashine inawaka vizuri dukani, siku ukiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya mbali na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Bado iko kwenye orodha yao. Mwambie muuzaji aweke Windows upya mbele yako, aunganishe intaneti ya simu yako, uone inafika mwisho. Itachukua kama saa moja. Kaa hapo hapo usubiri.

Gharama zake za kuendelea zinaanzia kwenye toleo la Windows. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kwa hiyo EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470 hazikidhi, wakati 840 G5, T480 na Latitude 7490 zenye prosesa ya kizazi cha 8 zinakidhi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko unavyodhani, na mimi ningeilipa. Ukiwa umeshanunua ya kizazi cha nyuma, usiitupe: Linux Mint na LibreOffice ni bure, zinachapa barua na mikataba bila shida, na kwa duka linaloingiziwa flashi za wateja kutwa nzima zimenipunguzia mateso ya virusi. Windows za kuvunjia kufuli, zile anazokuwekea fundi kwa elfu tano, sizitaki kwenye mashine inayoshika vitambulisho vya watu.

Betri: andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikisema 49,000 kiwandani na 20,000 sasa, umebakiwa na chini ya nusu, kwa hiyo bei ya betri mpya iingie kwenye mapatano. Diski ipimwe kwa programu ya CrystalDiskInfo, uone afya yake.

Umeme wa kompyuta watu huuogopa bure. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, shilingi 1,000 hutoa uniti 2.8 hivi. Mashine ya mpakato inayokula wati 40 kwa saa 8 hutumia uniti 0.32, kama shilingi 115 kwa siku. Kompyuta ya mezani na skrini yake, wati 150, hufika 430. Kwa mwezi wa kazi ni kama 3,000 dhidi ya 11,000. Kinachokula pesa ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na radi zetu za masika. Wingu likishajikusanya, chomoa ukutani, siyo kuzima tu. Vumbi nalo huziba feni. Kila kiangazi kikianza fungua, puliza, na kila baada ya muda fundi abadilishe pesti ya prosesa.

Printa nazo ni hesabu ya wino. Katriji ya 85A ya HP hukadiriwa kurasa 1,600 zenye maandishi ya kawaida, si picha. Gawa bei ya katriji kwa kurasa kabla hujapanga bei ya kopi.

Siku ya kuuza wewe

Ukiuza gari na kadi ikabaki na jina lako, gari hilo mbele ya serikali bado ni lako. Likiua mtu Igunga, polisi wataanza na jina la kwenye kadi. Hivyo usimwachie mnunuzi kazi ya uhamisho. Nenda naye TRA, baki na nakala ya mkataba wenye saa, kopi ya kitambulisho chake, na kopi ya kadi mpya ikitoka. Mnunuzi akisema hana namba ya mlipakodi, apate kwanza.

Kompyuta unayouza ina watu ndani yake. Yangu ina NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za mirathi na za talaka za wateja wa mji mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata kabla yake ilikuwa ni amana. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, kuna programu za bure zinazoyarudisha. Mimi hutoa diski nikabaki nayo, na mnunuzi nampunguzia bei anunue nyingine. Ukiuza na diski yake, tumia sehemu ya kuirudisha Windows upya, chagua kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski, uiache ifanye kazi hata usiku kucha. Toka kwenye akaunti za Google, Microsoft na WhatsApp kabla ya hapo. Kisha kwenye karatasi ya mauziano, chini ya namba ya mashine na bei, ongeza mstari unaosema diski imetolewa au imesafishwa, na nani kafanya, mkasaini wote wawili.